SOMO KWA MAKATIBU WA MATAWI: Kutafuta Mafaili na Kuyakabidhi kwa Amri Nyingine



Matawi yetu kadhaa ya mashamba ya chai na ya viwanda hapa Uganda sasa yana kompyuta. Nyingi ni kuukuu, nazo zimetiwa Linux kwa kuwa Linux hailipiwi na haidharau mashine ya zamani. Makatibu wamejifunza kuandika humo hati za malipo ambazo wanachama huzileta ofisini, vipimo vya mizani, na malalamiko. Kazi hiyo wameifanya kwa bidii hata tatizo limegeuka: mafaili yamekuwa mengi kuliko mikono. Wanachama wanamwuliza katibu, "Ni nani miongoni mwetu asiyekatiwa NSSF?" Naye anakaa kufungua faili moja baada ya jingine hadi jua linatua, na kikao na mwajiri ni kesho asubuhi.

Somo hili ni la kuifupisha kazi hiyo. Tunaliandika kwa Kiswahili kwa sababu katika mashamba yetu mchumaji wa Kigezi, mwenzake wa Kongo, mwingine wa Rwanda na fundi kutoka Busoga hukutana katika lugha hii. Tunaliandika pia kwa sababu tawi moja, kwa kuijua nusu tu ya habari hii, lilipoteza vipimo vya miezi mitano. Tutalieleza jambo hilo bila kuficha, maana vidole vilivyobonyeza vitufe vilikuwa vyetu.

Bomba

Aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha chai anajua mwendo wa jani. Likishuka kwenye lori huenda kunyaushwa, kisha huenda kwenye mashine ya kukata, kisha huachwa lichachuke, kisha huingia kwenye tanuri la kukausha, mwisho hupita kwenye machekeche ya kupanga madaraja. Hakuna mashine moja inayofanya yote hayo. Kila moja ina kazi yake, inapokea kutoka kwa iliyotangulia na kumpa inayofuata.

Mfumo wa kompyuta uitwao Unix ulianzishwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, na Linux iliandikwa baadaye kwa kufuata mtindo wake. Mmoja wa mabwana wa maabara ile, Douglas McIlroy, aliandika tangu mwaka 1964 kwamba programu zapaswa kuungana kama mipira ya kumwagilia bustani, ukitaka kurefusha unafunga kipande kingine. Mwaka 1973 mwenzake Ken Thompson akaliweka bomba hilo ndani ya Unix. Katika dirisha la amri, bomba huandikwa kwa mstari wima, hivi: |. Kinachotoka katika amri ya kushoto kinaingia katika amri ya kulia.

Tuanze na amri ya kutafuta:

find . -name '*.txt'

Ile nukta maana yake ni "hapa nilipo na folda zote zilizo chini yake". Kinyota ni "jina lolote". Zile alama mbili zinazokizunguka kinyota msiziache, maana bila hizo dirisha la amri litakitafsiri kinyota lenyewe kabla find haijakiona, na majibu yatakuwa ya kubahatisha. Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, majina yanashuka kwenye skrini, kila jina mstari wake.

Sasa katibu mwenye haraka huandika hivi, akitaka kujua ni hati zipi zinataja NSSF:

find . -name '*.txt' | grep NSSF

Hapati kitu, akadhani hakuna hata hati moja inayotaja NSSF. Amekosea, na ni kosa ambalo karibu kila mwanafunzi wetu amelifanya. Bomba lilipitisha majina ya mafaili, halikupitisha mafaili yenyewe. Kwa hiyo grep ilitafuta neno NSSF ndani ya majina. Ni kama kumpa daktari orodha ya wagonjwa, akaipima karatasi.

Mnyapara anayeitwa xargs

Anayehitajika hapo katikati ni mtu wa kuipokea orodha na kuwaita walioandikwa waje kazini. Katika Unix mtu huyo ni xargs. Alikuja na toleo la Unix la mwaka 1977 lililotengenezwa kwa ajili ya waandishi wa programu, na kazi yake haijabadilika: huyasoma majina yanayokuja kwa bomba na kuyapanga mwishoni mwa amri unayompa, kama kwamba umeyaandika kwa mkono wako.

find . -name '*.txt' | xargs grep -l NSSF

Hapo grep inayafungua mafaili yenyewe, na kile kijiherufi -l kinaiambia itoe majina tu ya yale yenye neno hilo. Lakini sisi hatukuulizwa hilo. Wanachama waliuliza ni nani hakatiwi. Kwa hiyo tunatumia herufi kubwa, -L, ambayo hutoa majina ya mafaili yasiyo na neno hilo:

find . -name '*.txt' | xargs grep -iL NSSF

Ile -i inasema usijali herufi kubwa au ndogo, kwa sababu mmoja ataandika NSSF na mwingine nssf. Katika nusu dakika katibu ana orodha ya hati zote ambazo hazionyeshi makato hayo. Kwa kanuni ya Uganda mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022 mwajiri hawezi tena kujitetea kwamba wafanyakazi wake ni wachache. Hati isiyotaja NSSF yaweza kuwa katibu alisahau kuandika mstari, au yaweza kuwa mwajiri hapeleki fedha. Kompyuta haijui lipi ni lipi. Kwa hiyo orodha ile ndiyo mwanzo wa kazi: mwite mwanachama alete hati yake ya karatasi, mtazame pamoja.

Mwenye kuridhika hapa akafunga somo ataingia katika shimo tuliloingia sisi.

Yaliyotupata

Mwaka 2022 tulikuwa tukisaidia tawi la shamba moja la chai upande wa magharibi. Ugomvi ulikuwa wa mizani. Wachumaji walisema karani wa mizani anapunguza kilo kwa ajili ya kikapu na maji ya mvua kupita tulivyokubaliana. Wengi walikuwa na madaftari ya shule ambamo waliandika kila jioni kilo walizotajiwa na kilo walizolipwa. Tawi likayaandika yote katika kompyuta, mwezi kwa mwezi: Machi.txt, Aprili.txt, Mei.txt, Juni.txt na Julai.txt. Kabla ya kila sahihisho tulitunza nakala ya zamani, tukaiita "zamani Machi.txt", "zamani Aprili.txt", na kadhalika.

Usiku wa kuamkia kikao, ambapo na afisa wa kazi wa wilaya angekuwapo, tukaona nakala zile za zamani zinatuchanganya. Tukaingia katika folda hiyo, tukaandika kwa kiburi cha mtu aliyejifunza jambo wiki iliyopita:

find . -name 'zamani*' | xargs rm

Amri rm hufuta. Haina debe la taka la kwenda kuokota baadaye. Kompyuta ikasema mara tano kwamba haioni faili liitwalo ./zamani. Tukacheka, tukasema, bila shaka haioni, tumekwisha kuyafuta. Tukalala.

Asubuhi nakala zote tano za zamani zilikuwapo salama. Yaliyofutika ni yale matano ya kweli.

Wengine watasema kompyuta iliharibika. Haikuharibika. Mnyapara xargs, asipoagizwa vingine, hukata orodha kila anapoona nafasi kati ya maneno. Jina "./zamani Juni.txt" kwake si jina moja, ni mawili: ./zamani, na Juni.txt. La kwanza halikuwapo, ndiyo maana ya yale malalamiko matano. La pili lilikuwapo pale pale tulipokuwa, na ndilo faili letu la kweli. Ni sawa na mnyapara aliyepewa barua ya kumwachisha kazi Musa Mdogo, akaisoma kama watu wawili: Mdogo akamtafuta asimwone, na Musa mwingine kabisa akafukuzwa shambani.

Tuliomba kikao kiahirishwe, tukapewa majuma mawili. Vijana wa tawi wakaketi usiku kunakili upya kutoka kwenye madaftari. Wengi tuliwapata. Lakini wachumaji sita walikuwa wamekwisha kuondoka shambani na madaftari yao, na marekebisho yao yalikuwa yameingia katika mafaili mapya tu. Kwa hao hatukuwa na ushahidi wa kuweka mezani, na kilo zao hazikudaiwa. Majina yao tunayakumbuka.

Jaribio linalodanganya na jaribio lisilodanganya

Baada ya hapo tulifundishwa kwamba kabla ya kufuta, weka echo, ambayo huandika tu bila kutenda. Ushauri ni mzuri, ila namna watu wanavyoufuata si nzuri. Wanaandika:

find . -name 'zamani*' | xargs echo rm

Na skrini inaonyesha:

rm ./zamani Juni.txt ./zamani Machi.txt

na kuendelea. Ukiisoma kwa jicho la mwanadamu ni sawa kabisa, kila kitu ni cha zamani. Jicho lako limeyaunganisha maneno ambayo mnyapara ameyatenga. Jaribio la kweli ni hili:

find . -name 'zamani*' | xargs -n 1 echo

Ile -n 1 inamwamuru apeleke jina moja tu kila safari, na kila safari ina mstari wake. Sasa ukweli unajitokeza:

./zamani
Juni.txt
./zamani
Machi.txt

Ukiona mistari kumi mahali ulipotegemea mitano, ondoa mkono kwenye kibodi.

Nafasi siyo adui pekee. Ritifaa nayo, ile alama ndogo iliyo katika ng'ambo, ng'ombe na kung'oa, inamsumbua xargs kwa sababu yeye huihesabu kama mwanzo wa maneno yaliyofungwa, akaanza kuutafuta mwisho wake. Asipouona analalamika na kusimama hapo hapo. Shamba lenye kitalu kinachoitwa Ng'ambo, likiwa na faili Ng'ambo.txt, basi kila faili linalofuata jina hilo katika orodha halitakaguliwa. Waliotengeneza programu hii nadhani hawakuwa na ng'ombe. Katibu asiposoma ule mstari wa malalamiko atatangaza mkutanoni kwamba ameyapitia mafaili yote, kumbe ameishia katikati.

Njia salama

Wapo wanaosema dawa ni kutotumia nafasi katika majina. Sisi pia twashauri hivyo: zamani_Juni.txt ni bora kuliko "zamani Juni.txt". Lakini hamwezi kuwaamuru wote. Mwajiri akikuletea mafaili katika flashi, au mwanachama akituma picha ya hati yake kutoka kwenye simu, majina yanakuja kama yalivyo. Kwa hiyo amri yenyewe ndiyo iwe imara.

Katika Unix jina la faili laweza kubeba alama yoyote isipokuwa mbili: mkwaju, kwa kuwa unatenganisha folda, na ile herufi ya kompyuta yenye thamani ya sifuri, ambayo haionekani kwenye skrini wala haipo kwenye kibodi. Basi hiyo sifuri, kwa kuwa haiwezi kuwamo ndani ya jina, ndiyo mpaka unaofaa kati ya jina na jina. Tunamwambia find aitumie, na tunamwambia xargs aitegemee:

find . -name 'zamani*' -print0 | xargs -0 rm

Zote mbili lazima ziwepo. Ukiweka -print0 upande wa kushoto ukasahau -0 upande wa kulia, watu wawili wanazungumza lugha mbili. Kwa mpango huu nafasi, ritifaa, hata jina lenye mistari miwili ndani yake, vyote vinapita salama. Ukitaka kuulizwa kabla ya kila faili, ongeza -n 1 -p:

find . -name 'zamani*' -print0 | xargs -0 -n 1 -p rm

Itaonyesha amri na kungoja. Ukijibu y inatenda, ukijibu kingine inapita. Kwa kazi ya kufuta tunawaomba mtumie hii mpaka mtakapochoka, na mkichoka, mwendelee kuitumia.

Jambo la kushangaza ni kwamba njia hii, ijapokuwa imetumika katika Linux kwa miaka mingi, iliingizwa katika kanuni rasmi za Unix, ziitwazo POSIX, katika toleo la mwaka 2024 tu. Kwa hiyo mashine ya zamani isiyo ya Linux yaweza isiielewe. Hapo mnayo njia nyingine isiyohitaji bomba wala mnyapara. Amri find yenyewe inaweza kuita amri nyingine:

find . -name 'zamani*' -exec rm {} \;

Mabano ya mawimbi ni mahali pa jina. Nukta mkato ndiyo mwisho wa amri, na imetanguliwa na mkwaju wa nyuma ili dirisha la amri lisiichukue kama yake. Hapa rm inaitwa upya kwa kila faili. Kwa mafaili kumi hutaona tofauti. Kwa mafaili elfu kumi, ni lori linalokwenda kiwandani na jani moja moja. Ukiweka alama ya kujumlisha badala ya nukta mkato, linajazwa kwanza:

find . -name 'zamani*' -exec rm {} +

Majina hayakatwi vipande katika njia yoyote kati ya hizi mbili, kwa sababu find huyakabidhi mkono kwa mkono bila kuyaandika kwanza katika orodha. Kama kazi ni ya amri moja tu, sisi tunaipenda hii ya mwisho. Bomba tunaliacha kwa safari ndefu.

Ipo pia -delete, ambayo find hufuta yenyewe. Ni nyepesi, lakini iogopeni kwa sababu moja: find husoma masharti kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu akiandika find . -delete -name 'zamani*' atakuwa ameiambia ifute kwanza na kuuliza jina baadaye, na folda nzima itakwenda. Iwekeni mwisho wa mstari daima, na kabla yake mwendeshe amri ile ile bila -delete ili mwone orodha.

Hesabu za kupeleka mezani

Hapa tunawaomba msome polepole, maana tarakimu yenye kosa mbele ya mwajiri hutuumiza hata pale ambapo dai letu ni la haki.

Tuseme kila mstari wa mafaili yenu ni kipimo kimoja cha mizani, na mnataka jumla ya vipimo vyote. Amri wc -l huhesabu mistari, na ikipewa mafaili mengi huandika jumla mwishoni. Basi mtu huandika:

find . -name '*.txt' -print0 | xargs -0 wc -l

Kwa mafaili mia moja jibu ni sahihi. Lakini lori la xargs lina kimo chake. Katika Linux kwa kawaida hujaza kiasi cha kilobaiti 128 za majina kwa safari moja, yaani kama majina elfu mbili au tatu yenye urefu wa kawaida, kisha huita amri, kisha hujaza tena. Tawi lenye mafaili elfu nane litapata safari kadhaa, na kila safari ina jumla yake. Katibu anatazama mstari wa mwisho kwenye skrini, anaona jumla, anaiandika. Ni jumla ya safari ya mwisho tu. Amewapunguzia wenzake vipimo kuliko karani wa mizani alivyofanya.

Njia iliyo sawa ni kuyamwaga mafaili yote katika bomba moja, ndipo kuhesabu mara moja:

find . -name '*.txt' -print0 | xargs -0 cat | wc -l

Hapo hata safari ziwe ishirini, mhesabuji ni mmoja, na jibu ni moja.

Kuna na jibu la uongo linalotokea pale ambapo hakuna kilichopatikana. Mkikosea tahajia, mkaandika '*.txtt', find haitoi jina lolote. Lakini xargs wa Linux huita amri hata hivyo mara moja, bila jina. Mkiwa mmempa ls, ambayo bila jina huorodhesha folda yote, mtaona mafaili tele na kufikiri ndiyo majibu. Ongezeni -r, naye atakaa kimya pasipo na kazi.

Safari ndefu

Sasa tuunganishe. Mwajiri mmoja amekuwa akiwakata wachumaji fedha za buti na aproni, na katika hati zao limeandikwa neno "makato ya vifaa". Kamati inataka hati zote za namna hiyo zinakiliwe katika flashi, zipelekwe kwa wakili wa chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya malipo na makato yake, kwa hiyo hati hizo ni maneno ya mwajiri mwenyewe, na ndiyo sababu tunazitaka.

find . -name '*.txt' -print0 | xargs -0 grep -liZ 'makato ya vifaa' | xargs -0 -r cp --parents -t /media/flashi

Tuifuate. Amri find inatoa majina, ikitenganisha kwa sifuri. Mnyapara wa kwanza anayapeleka kwa grep, ambayo inayafungua na kutoa majina ya yale yenye maneno yetu. Ile Z inaiagiza grep nayo itenganishe kwa sifuri, na wengi huisahau hii, wakawa wamejenga daraja imara upande mmoja na bovu upande wa pili. Mnyapara wa mwisho anayapeleka kwa cp, ambayo hunakili. Ile -t inataja mahali pa kupeleka kabla ya majina, kwa kuwa majina huja mwishoni. Jina la mahali penye flashi yenu laweza kuwa jingine, litazameni kwanza.

Msiiache --parents. Tawi lenye folda ya 2023 na folda ya 2024 lina mafaili mawili yaitwayo Mei.txt. Yakipelekwa mahali pamoja bila folda zao hayawezi kukaa mawili kwa jina moja: mkitumia -exec na nukta mkato, la pili litalifunika la kwanza pasipo neno lolote. Kwa --parents kila faili linakwenda pamoja na folda yake.

Flashi hiyo ikishajaa, ni mishahara na majina ya watu. Uganda ina Sheria ya Kulinda Taarifa za Watu ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria, mnyapara akiokota flashi hiyo njiani atajua ni nani amelalamika. Aibebe mtu mmoja anayejulikana kwa kamati, na ikirudi ifutwe mbele ya wawili.

Mazoezi

Msifanye haya katika folda ya kweli. Tengenezeni mpya, mwingie ndani, mweke mafaili manne yasiyo na maana:

mkdir mazoezi
cd mazoezi
touch Juni.txt 'zamani Juni.txt' Julai.txt "Ng'ambo.txt"

Angalieni kwamba Ng'ambo.txt tumelifunga kwa alama mbili mbili, kwa sababu ya ritifaa iliyo ndani. Kwanza endesheni find . -name '*.txt' | xargs -n 1 echo, mweleze kwa maneno yenu kwa nini mnapata malalamiko, na kwa nini baadhi ya majina yanakosekana. Kisha rudieni kwa -print0 na -0, mhesabu mistari.

Kisha fanyeni lile kosa letu, makusudi, kwa amri ile ile tuliyoiandika usiku ule. Orodhesheni folda kwa ls. Mtakuta "zamani Juni.txt" lipo na Juni.txt halipo. Kila katibu alifanye kwa mkono wake mwenyewe, asimtazame tu mwenzake. Halafu tengenezeni Juni.txt upya, na mfute nakala ya zamani peke yake kwa njia mbili tofauti. Majibu yaandikwe katika daftari na kuletwa katika kikao cha elimu cha tawi, pamoja na amri zilizokataa, kama zilivyoandikwa, bila kusahihishwa.